Shangazi, ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu na meneja hapokei simu

Shikamoo shangazi,

Nakusoma siku nyingi sana ila sijawahi kuandika. Leo ni saa nane usiku nimekaa na mtoto mapajani anakohoa, baba yake amelala, nikasema ngoja niandike tu maana nikiendelea kukaa na hili peke yangu nitalia.

Tunakaa kwenye apatimenti, jengo lina ghorofa sita na sisi tuko ya tatu, mimi na mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka 7 mdogo ana 2. Tulipohamia palikuwa pazuri shangazi, rangi mpya, lifti inapanda, usafi kila siku, na kwenye mkataba juu ya kodi tunalipa na hela ya huduma kila mwezi, hiyo ndo ya taa za ngazi, lifti, taka na mlinzi. Ilipofika kama mwezi wa nane hivi vitu vikaanza kufa kimoja kimoja. Lifti ikasimama, wakabandika karatasi kwamba iko kwenye matengenezo, hiyo karatasi imekaa pale mpaka maandishi yamepauka na lifti haijawahi kupanda tena. Kuna bibi anakaa ghorofa ya tano anapumzika kila mzunguko wa ngazi na mifuko yake, na ngazi zenyewe giza. Taka zinajaa mpaka mifuko inapasuka, panya wanaingia, na ile chemba ya maji machafu nyuma ya jengo inafurika kila baada ya wiki mbili tatu, yanatiririka mpaka karibu na pale watoto wanapochezea mpira, na shangazi tenki la chini la maji tunayotumia liko hapohapo, hatua chache tu, mfuniko wake umepasuka.

Lakini kilichonifanya niandike ni chumba cha watoto. Bafu letu linavuja kutoka juu, lilianza doa dogo darini kama sahani, sasa hivi dari imevimba na maji yanadondoka, yameingia ukutani mpaka upande wa pili ambako ndo chumba cha watoto, na ule ukuta umeota ukungu mweusi kuanzia chini mpaka usawa wa kifua changu. Nimefuta na dawa ya madoa mara nyingi, unapotea wiki moja unarudi. Meneja alituma mtu akapaka rangi juu yake, nikashukuru kweli, mwezi haukuisha rangi ikabambuka ukungu ukatokeza palepale. Hata taa ya bafuni ina maji ndani ya kile kioo chake, na ukiiwasha halafu ukashika bomba unasikia kama linakutekenya hivi, kwaiyo watoto nawaogesha mchana bila taa.

Mdogo anakohoa huu mwezi wa pili, usiku ndo zaidi, kifua kinatoa sauti kama filimbi. Tukienda kulala kwa dada yangu siku mbili anapata nafuu, tukirudi anaanza upya.

Meneja nimempigia mpaka nimechoka. Kila siku fundi anakuja kesho, hiyo kesho naisubiri mwezi wa tano sasa, siku hizi akiona namba yangu hapokei, nikienda ofisini naambiwa ametoka. Siku nilomkuta akaniambia mama kama hupapendi si uhame, wanaopataka wapo wengi. Nilirudi nyumbani natetemeka. Na jirani wa juu nimeshagombana naye, nilipanda na hasira zangu nikamwambia azibe bafu lake, akasema kwake hakuna tatizo, tangu siku hiyo hatusalimiani.

Mimi nataka mwezi ujao tusilipe kodi mpaka waje kutengeneza. Mume wangu anasema ninyamaze, tutafukuzwa na depositi tutaikosa na mtoto mkubwa yuko katikati ya muhula. Tumegombana juu ya hili wiki nzima. Nifanye nini shangazi, nisilipe au nihame au ninyamaze kama anavyosema?

Mama wa Wawili

---

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kumbeba mtoto anayekohoa usiku na kesho yake uende kuomba fundi kama vile unaomba msaada, wakati unalipa kila mwezi, hiyo inaumiza na una haki ya kuumia.

Ila kabla ya kodi, kabla ya meneja, nirudi kwenye mstari mmoja ulioupitia haraka katikati ya barua. Ulisema ukiwasha taa ya bafuni bomba linatekenya. Mwanangu huko sio kutekenya, huo ni umeme umeshafika kwenye bomba, na huenda unafika kwa kupitia maji yaliyojaa kwenye hiyo taa. Acha kusoma hapa nenda kwenye boksi la umeme, zima breka ya bafu, na kama hujui ni ipi zima moja moja mpaka taa hiyo ikatike, halafu bandika karatasi juu yake ISIWASHWE, mwambie mume wako, mwambie na mtoto mkubwa. Usijaribu kufungua kile kioo mwenyewe umwage maji. Na baada ya kuzima bado msiguse bomba hilo mpaka fundi umeme wa kweli apime, kwa sababu bomba ni la jengo zima na inawezekana umeme unatoka kwa jirani wala sio kwako, kuogesha chukueni maji sehemu nyingine kwa ndoo.

Nasisitiza kwa sababu watu wengi wanadhani breka ya kawaida itajikata yenyewe mtu akipigwa shoti. Haijikati. Breka ya kawaida inalinda nyaya zisiungue, inasubiri umeme mwingi, ampia kumi na zaidi, wakati mwili wa mtu unaumia kwa umeme mdogo mno. Kile kifaa maalum cha kumlinda mtu kinawekwa kikate kwenye miliampia 30, na balbu ya zamani ya wati 60 inakula mara nane ya huo au zaidi. Mtu aliyelowa ngozi yake haizuii umeme kama ngozi kavu, na mtoto wa miaka 2 aliyesimama kwenye maji ameshika bomba, sitaki hata kumalizia. Hili halisubiri barua wala kikao. Asubuhi mpigie meneja, asipopokea mtumie meseji yenye maneno "umeme kwenye bomba, hatari ya kifo", piga picha ya hiyo meseji, na asipojibu siku hiyohiyo piga namba ya dharura ya shirika linalowaletea umeme. Wao wakisikia bomba linapiga shoti hawaambii mtu kesho.

La pili ni mtoto. Hamisha watoto walale sebuleni kuanzia leo, magodoro na nguo mbali na ule ukuta. Ulichoandika kwamba akilala kwa dada yako anapata nafuu na akirudi anaanza upya ni jambo kubwa, mwambie daktari hivyohivyo ulivyoniambia mimi, maana hicho kifua cha filimbi na mahali penye ukungu vinaendana. Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na walisema wazi kwamba wanaokaa humo wanapata zaidi kikohozi, kifua kubana na pumu. Muombe daktari aandike kwenye cheti kwamba mtoto anaishi kwenye chumba chenye ukungu, hiyo karatasi itunze. Na ukiona anapumua harakaharaka, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au ameshindwa kunywa, usisubiri miadi, mkimbize hospitali muda huohuo hata kama ni usiku.

Kuhusu kufuta ukungu na kupaka rangi. Ukungu unaishi kwa unyevu, ukiua ulioko juu ukaacha maji nyuma ya ukuta umefuta leo tu, kitu kilicholowa kisipokaushwa ndani ya saa 24 mpaka 48 unaanza kuota. Yule aliyekuja na ndoo ya rangi hakutengeneza kitu, alifunika. Kwaiyo ukiambiwa tena tunakuja kupaka rangi, waambie hapana, kwanza bomba, kisha ukuta ukauke, plasta iliyooza ibanduliwe, rangi mwisho. Na ile dawa ya madoa jihadhari sana, usiichanganye na dawa ya choo wala kitu chochote chenye amonia, inatoa gesi ya sumu, na kwenye kibafu kisicho na dirisha utaanguka kabla hujajua kinachokuangusha.

Sasa jirani wa juu. Huyu mwanangu ulimkosea kidogo, na nakuambia kwa upendo. Akisema kwake hakuna tatizo inawezekana anasema kweli kabisa, bomba lililopasuka chini ya sakafu yake yeye halioni, maji yanashuka kwako, kwake pakavu. Unamhitaji huyo mtu maana ndo pekee anayeweza kukusaidia kujua kinachovuja. Jaribio lake ni rahisi: asitumie bafu na choo cha upande huo kwa siku moja, wewe weka ndoo chini ya doa uangalie. Maji yakikatika asipotumia na kurudi akioga, basi ni bomba la kutolea maji machafu au sakafu ya bafu lake imeachia. Yakiendelea kudondoka usiku kucha bila mtu kugusa kitu, hilo ni bomba la kuleta maji, lenye presha, na hapo mwenye jengo anapoteza maji kila sekunde. Tone moja kila sekunde kwa mwaka mzima linapita lita 11,000. Liandike hilo kwenye barua yako, watu ambao hawaguswi na ukungu wa mtoto huwa wanaguswa na bili.

Nije kwenye swali lako lenyewe. Usiache kulipa kodi peke yako, nakuomba. Najua inauma kumpa hela mtu anayekuambia uhame, ila siku utakayoacha kulipa hadithi inageuka, leo yeye ndo anadaiwa na wewe, kesho wewe ndo mdaiwa, na mahali pengi kutolipa kodi ndo njia fupi kuliko zote ya kumtoa mpangaji, hata hakimu akikuonea huruma. Kuna nchi ambazo sheria inaruhusu mpangaji azuie kodi au aiweke mahakamani mpaka matengenezo yafanyike, ila hata huko kuna utaratibu, notisi ya maandishi, siku kadhaa za kusubiri, ukiruka hatua moja umepoteza. Kwaiyo kabla hujagusa kodi nenda kwenye baraza au mahakama inayoshughulikia nyumba za kupanga huko kwenu, au ofisi ya msaada wa kisheria ya bure, na mkataba mkononi, uulize swali hilo tu. Mpaka wakujibu, lipa, na lipa kwa njia inayoacha risiti.

Mume wako naye usimuone kama hajali. Anaogopa kukosa pa kuishi, na woga huo ni wa mtu anayebeba familia. Ila kunyamaza hakumlindi na anachokiogopa. Siku mkihama wakakuta ukuta umeoza na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha mliripoti, watasema ni nyinyi mmeuharibu na depositi wataikata kwa hilohilo. Muonyeshe mume wako sentensi hii, nadhani mtaelewana hapa, barua ndo inayoilinda depositi yake.

Na tatizo lako kubwa mpaka sasa ni kwamba karibu kila kitu umekisema kwa mdomo. Miezi mitano ya simu na kwenda ofisini, na meneja akiulizwa kesho atasema sijawahi kuambiwa, nawe huna cha kumkatalia. Chukua daftari, andika tangu mwanzo unavyokumbuka, mwezi gani doa lilianza, siku gani alikuja yule wa kupaka rangi, siku gani ulimkuta meneja akakuambia uhame na maneno yenyewe aliyoyasema. Toa picha za simu ulizopiga. Piga picha za ukuta kila wiki kutoka sehemu ileile, weka rula au kitabu pembeni ili ukubwa uonekane, na video ya dari ikidondoka, na chemba ikifurika, na ule mfuniko wa tenki. Zitume na kwa dada yako, simu inaibiwa, inaanguka kwenye maji.

Halafu barua. Iwe fupi, bila matusi, bila maneno makali, hata kama moyo unawaka. Taja kinachoharibika, tangu lini, umeripoti mara ngapi, unataka kifanyike nini na kufikia tarehe gani, tarehe yenyewe sio "haraka iwezekanavyo". Umeme na chemba wape siku moja mbili, bomba na ukuta wape wiki mbili. Chapa nakala mbili, moja wapokee, yako wagonge mhuri au wasaini, wakikataa ipeleke kwa posta ya rejista. Na isiende kwa meneja peke yake. Kwenye mkataba kuna jina la mwenye jengo au kampuni yake, mtumie na yeye. Nimeona zaidi ya mara moja mwenye nyumba yuko mbali anajua jengo lake liko salama, hela ya huduma anaambiwa imetumika, lifti anaambiwa inapanda. Sisemi kwako ndo hivyo, ila hujui mpaka barua imfikie mwenyewe. Na katika barua hiyohiyo ombeni hesabu ya hela ya huduma, imekusanywa kiasi gani na imetumika wapi, maana lifti iliyokufa na taa zisizowaka mnazilipia kila mwezi.

Nimesema ombeni kwa sababu hii barua isiwe yako peke yako. Ukuta ni wako ila chemba, tenki, lifti, ngazi na panya ni vya jengo zima. Mpangaji mmoja anaambiwa hama wapo wanaopataka. Wapangaji ishirini waliosaini karatasi moja hawaambiwi hivyo, jengo haliwezi kubaki tupu. Anza na bibi wa ghorofa ya tano, kila mtu kwenye hilo jengo anamuona akipumzika kwenye ngazi na kila mtu anaona aibu, yeye akisaini wengine watasaini. Kaeni siku moja hata nusu saa pale chini, chagueni watu watatu wa kuongea, sio mmoja, mmoja ataandamwa.

Ile chemba na tenki mimi vinaniogopesha kuliko lifti. Maji machafu yakipita karibu na tenki la chini lenye mfuniko uliopasuka, siku yakiingia mtaugua jengo zima kwa wiki moja, na watoto wadogo na wazee ndo wataumia zaidi. Kuanzia leo maji ya kunywa chemsheni mpaka yatokote kweli dakika nzima, na watoto wasicheze upande ule hata kama pameonekana pamekauka. Hili msingoje zile siku za barua, nendeni idara ya afya ya manispaa mkaombe afisa wa afya aje aone kwa macho yake. Kuripoti chemba inayofurika ni haki ya mtu yeyote anayeishi pale, na afisa akiandika ripoti hiyo ni karatasi ambayo meneja hawezi kuificha.

Yule meneja alivyokuambia uhame alikufanya ujione kama unadai anasa. Hudai anasa. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 limetaja nyumba kwenye ibara ya 25, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi na kijamii mwaka 1991 ikaeleza nyumba inayofaa ni ipi, ikataja kumkinga mtu na unyevu, na hatari kwa afya, na wadudu na wanyama wanaoeneza magonjwa. Hayo ndo yaleyale uliyoniandikia saa nane usiku.

Kuhama je? Tafuta nyumba nyingine kimyakimya kuanzia sasa, sio kwa sababu umeshindwa ila kwa sababu kifua cha mtoto hakisubiri kesi. Wiki mbili zikipita barua haijajibiwa na daktari akasema chumba ndo kinamuumiza, hama, hata kama haki yako bado iko mahakamani, kesi unaweza kuiendesha ukiwa kwingine. Ila toka kwa utaratibu, toa notisi kama mkataba unavyosema, piga video vyumba vyote vikiwa vitupu, andika namba za mita, na siku ya kurudisha funguo wasaini kwamba wamezipokea. Kwenye nyumba mpya kabla ya kulipa chochote angalia dari ya bafu, nusa kabati za ukutani, fungua bomba zote kwa pamoja uone presha, na ongea na mpangaji mmoja mkiwa wawili tu.

Kesho jioni hasira zikishapoa, panda kwa jirani wa juu. Msalimie kwanza, muombe radhi kwa siku ile, halafu umkaribishe ashuke aone ukuta wa watoto kwa macho yake. Akishaona muombe hiyo siku moja ya kutotumia bafu. Na mimi niandikie tena unijulishe kama ile breka umeizima na mtoto anapumuaje.

Shangazi